Nyuzi Zilizoota Ndani ya Eda

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyelifanya jua kuwa mwangaza na mwezi kuwa nuru, anayetoa kabla hajaombwa na anayetwaa bila ya kuulizwa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake, na kila anayeifuata njia yao. Namshukuru kwa macho ambayo bado yanaiona karatasi, na kwa mkono ambao bado unashika kalamu. Namshukuru pia kwa miezi ambayo sikuhisi kitu, kwani hata huko alinihifadhi, akanipa kazi ya kushika.

Nilifundisha kemia, kwanza sekondari, kisha chuo kikuu hapa hapa Unguja, mpaka nikastaafu. Nilipostaafu nilibakishiwa mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, msichana wa Jang'ombe, kwa sababu kazi yake nilikuwa nimeianzisha mimi, na mwalimu aliyekuwa aichukue alikuwa ng'ambo masomoni. Tukakubaliana kwamba nitakwenda maabara mara moja moja mpaka amalize.

Kisha mume wangu akafariki. Alifariki asubuhi, baada ya chai, akiwa amekaa kwenye kiti chake chumba cha mbele, gazeti likiwa mapajani. Nilidhani amesinzia. Nilipita pale nikaenda jikoni, nikapita tena kurudi, nikiangalia nisimwamshe.

Nikaingia eda. Masuala ya eda nimeyasoma tangu utotoni, kwa mwalimu wangu wa kike aliyekuwa na chuo chake Malindi, na nimewasomesha wanawake wenzangu katika darsa. Najua lipi limetakiwa na sheria na lipi limeongezwa na watu. Sheria inamtaka mjane akae katika nyumba aliyofiwa, aache mapambo, aache wanja na hina, aache manukato. Haikusema asizungumze, wala haikusema asifikiri. Kutoka mchana kwa haja kuna ruhusa. Mimi sikuitumia ruhusa hiyo, si kwa ucha Mungu wa kuzidi, bali kwa sababu hapakuwa na mahali nilipotaka kwenda. Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, ndani kabisa ya vichochoro, na kutoka chumba cha juu unasikia watu bila ya kuwaona. Nilikuwa nakaa hapo. Nilikuwa naswali kwa wakati, nasoma Kurani yangu, nalala. Wifi yangu, dada wa marehemu, alihama kwake Makunduchi akaja kukaa nami.

"Wifi, ushakula?" alikuwa akiniuliza.

"Nshakula."

"Umekula nini?"

Hapo nilikuwa nashindwa kujibu. Si kwamba nilimdanganya. Nilikuwa nimekula kweli, lakini sikukumbuka kitu gani.

Mwanafunzi wangu alikuja siku ya hitima, akakaa nyuma na wanawake wengine, habari ya kazi hakuigusa. Wiki iliyofuata akaja tena, akasimama mlangoni akivuta ncha ya mtandio.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kukutazama tu."

"Na begi hilo limekuja kunitazama pia?"

Akainamisha kichwa. Ndani ya begi mlikuwa na vioo.

Kwa asiyeijua kazi hii, niieleze kidogo. Sola tulizozizoea, zile za juu ya mapaa, ni za silikoni, nazo hazitengenezwi ila kwenye viwanda vikubwa na kwa moto mkali sana. Iko njia nyingine ambayo watu wanaitafuta: kuoanisha maada mbili zisizo za jamii moja. Moja ni aina ya plastiki, rangi yake damu ya mzee, na kazi yake ni kunasa mwanga. Ya pili ni oksidi ya zinki, jamaa wa ile dawa nyeupe ya kupaka vipele, ambayo ni nusu kipitishi: haiupitishi umeme kwa wepesi kama shaba, wala haiuzuii kama mbao. Plastiki ikinasa mwanga, umeme huzaliwa ndani yake, lakini hauna nguvu ya kwenda mbali. Hufa karibu na pale ulipozaliwa. Kwa hiyo tunaotesha nyuzi za oksidi ya zinki juu ya kioo, zisimame wima, zibanane kama majani ya uwanjani, kisha plastiki tunaimimina katikati yake. Umeme popote unapozaliwa unaukuta uzi jirani, unashuka nao. Nyuzi hizo ni nyembamba hata unywele wa kichwani ukiwekwa kando yake ni gogo. Macho hayauoni uzi mmoja. Kinachoonekana ni ukungu mweupe juu ya kioo, kama umekipulizia pumzi.

Lililonivuta kwenye kazi hii tangu mwanzo ni kwamba nyuzi hizo hazitaki kiwanda. Zinaota ndani ya maji ya moto yasiyofika kuchemka. Unakichovya kioo kwanza kwenye dawa ya mbegu ambayo nyuzi zitaotea, unatia chumvi ya zinki na unga mweupe uitwao heksamini ndani ya maji yaliyotoneshwa, yale ya mvuke yasiyo na chumvi, unalaza kioo kifudifudi ndani ya chupa ili taka zisikiangukie, unafunga, unangoja. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba hii ni kazi inayoweza kufanywa na mtu yeyote mwenye subira na kipimajoto.

Vioo alivyoniletea havikuwa na ukungu sawasawa. Hapa palikuwa peupe, pembeni yake kioo kitupu kinang'aa, kisha peupe tena. Wifi alikichukua kimoja, akakipeleka dirishani.

"Ndivyo mnavyosomea hivi? Vina vipara kama kakaangu, Mungu amrehemu."

Msichana akanitazama, hajui acheke au asicheke.

"Cheka, mwanangu," wifi akamwambia. "Mwenyewe akichekea kipara chake kila siku."

Nilijua kwamba ni maneno ya kuchekesha. Niliyaelewa vizuri. Lakini ndani hapakusogea kitu.

Nikamwambia apunguze joto. Akaenda, akarudi na vipara. Nikamwambia abadilishe chumvi ya zinki, labda ile imeshika unyevu. Akarudi na vipara. Nikamwambia aangalie kama upande wa kioo unaopitisha umeme ndio anaoulaza chini, kwani vioo hivyo vina ngozi nyembamba upande mmoja tu, na ukikosea unaotesha mahali pasipo na faida. Akanionyesha kwa mita kwamba hajakosea. Nikamwambia maji. Nikamwambia vifuniko vya chupa. Yote niliyomwambia yalikuwa sahihi, na yote niliyasema kama mtu anayesoma jibu lililoandikwa ubaoni na mtu mwingine. Alikuwa akisikiliza kwa adabu, anaaga, anashuka ngazi, na mimi nikirudi kwenye mswala wangu nilikuwa sikumbuki tena kama alikuja leo au jana.

Kwenda na kurudi kwake kulianza kuwapa watu maneno. Jirani mmoja alimwuliza wifi kama ni kweli kwamba mwalimu anatengeneza dawa ndani ya eda.

"Kweli," wifi akamjibu. "Ya kuwatoa watu umbea. Nikuwekee chupa?"

Siku moja yule msichana alikuja bila ya begi. Akakaa kwenye mkeka, akawa anachokoa ukindu wake mpaka wifi akamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi, Bibi." Akanigeukia mimi. "Mwalimu, tumepata siku ya kutumia ile hadubini kubwa huko bara. Sampuli zinaondoka mwisho wa wiki ijayo. Chuo wameniambia nikienda na vioo vya vipara, nitabadilishiwa mada, nianze upya."

"Basi utaanza upya."

"Siwezi. Ufadhili wangu unakwisha mwaka huu. Kuanza upya kwangu ndiyo kuacha."

Alilisema bila ya kulia, na nadhani kutolia kwake ndiko kulikonifanya nimtazame. Alikuwa amekonda. Sikujua amekonda tangu lini, ingawa nilikuwa namwona kila mara. Huyu ni mtoto aliyenifuata tangu mwaka wake wa kwanza, aliyekuwa akikaa mstari wa mbele na kuuliza maswali mpaka wenzake wakimzomea. Nilijua kwamba napaswa kumhurumia. Nikaitafuta huruma, sikuiona, lakini wajibu niliuona, nao ukatosha.

"Kesho lete kila kitu hapa," nikamwambia. "Chupa, chumvi, vioo ambavyo hujavisafisha, kipimajoto, mita, kila unachokishika. Utafanya mbele ya macho yangu, tangu kuosha."

"Hapa wapi?" wifi akauliza.

"Jikoni."

"Jikoni kwangu?"

"Kwetu."

Akaguna, lakini siku ya pili asubuhi nilimkuta keshaondoa masufuria yake upande mmoja wa meza.

Msichana alifika na mabegi mawili. Alikuwa amevaa buibui lake la siku zote, na nataja hilo kwa sababu baadaye lilikuwa na maana: alipokuwa akija kwangu alikuwa anavaa nguo isiyofukizwa wala kutiwa mafuta, kwa kunistahi. Sheria haikumlazimisha, mwenye eda ni mimi. Hata wifi, ambaye siku zake za kumlia kaka yake zilikuwa zimekwisha zamani, alikuwa ameacha kuchoma udi Ijumaa. Nyumba nzima ilikuwa haina harufu, na mimi sikuwa nimelitambua hilo.

Tukaanza na kuosha. Akavisugua vioo kwa sabuni, akavisuuza kwa maji yaliyotoneshwa, akavisuuza tena kwa spiriti, taratibu, hakukosea hata kidogo. Nilikuwa nimekaa kwenye kibao namtazama. Alipomaliza akavuta bati la biskuti, akalifungua, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri.

Harufu ikatoka kwenye lile bati.

Tangu kufiwa sikuwa nimesikia harufu ya kitu. Vitunguu vilikaangwa, kahawa ilipikwa, mvua ilinyesha juu ya mawe ya kichochoro, na kwangu vyote vilipita. Hii haikupita. Ulikuwa ni udi, ule udi wa kupika, wenye sukari na mafuta ndani yake. Mume wangu kila Ijumaa alikuwa akisimama juu ya chetezo, kanzu kaitandaza, moshi unapanda ndani, nami namwambia ataiunguza, naye ananijibu kwamba bado hajaiunguza. Nikamwona amesimama. Nikangoja nilie. Nilingoja kweli, nimekaa vile vile kwenye kibao, kama mtu anayengoja chafya. Kilio hakikuja. Kilichokuja mahali pake ni swali.

"Kitambaa hicho kimefukizwa?"

"Ndiyo, Mwalimu." Akanionyesha, karibu kwa fahari. "Ni visafi kabisa. Mama anavifua mwenyewe, anavianika, anavifukiza, anavitia humu. Mimi sivigusi mpaka nataka kufutia kioo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza."

Mama yake nilikuwa namjua. Ni mtengenezaji wa udi, anayetafutwa na watu wenye maharusi, na nyumba yao hakuna kinachokunjwa bila ya kupitishwa moshini: shuka, kanzu za wanawe, hata taulo. Wala si wao peke yao. Kwetu sisi nguo iliyofuliwa na kuanikwa bado haijamaliza safari. Ikishafukizwa ndipo tunasema sasa ni safi.

"Chukua kioo ulichokiosha," nikamwambia, "usikifute. Kidondoshee maji."

Akadondosha. Maji yakatambaa, yakakifunika kioo chote kwa utando mwembamba.

"Sasa chukua kingine, kifute kwa kitambaa chako, kisha kidondoshee."

Akafuta, akadondosha. Maji yakajikusanya matone matone, yakasimama, mengine yakateleza na kuacha njia kavu. Ile dawa tunayoitandaza mwanzo ili iwe mbegu ya nyuzi nayo ni ya majimaji, imeyeyushwa ndani ya spiriti. Mahali penye mafuta ya moshi haikai. Na pasipo na mbegu hapaoti.

Akakirudisha kitambaa ndani ya bati, akalifunika. Kisha akasema pole pole, "Nilibadilisha nguo kwa heshima yako. Vitambaa havikunijia akilini."

"Visingekujia. Ni visafi."

"Mwalimu, nitamwambia nini mama? Kila akivifukiza ananiombea. Anasoma Fatiha juu ya chetezo, anasema nifaulu."

Nilikuwa nimekaa na ule udi puani, nafikiri kwamba mwanamke yule miezi yote alikuwa akiyatia mapenzi yake mahali yasipofaa, na kwamba hata wazo hilo, ambalo ni la kuhuzunisha, lilikuwa linanipita kama habari za mji mwingine. Wifi ndiye aliyejibu, anakuna nazi, hakuinua hata macho.

"Mwambie dua imefika. Moshi ndio uliozidi."

Msichana akacheka, akaziba mdomo, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono na kwenda kuunawa mkono ule kwa sabuni kabla hajashika kioo. Hapo nilijua kwamba nimemfundisha vizuri.

Tukahitaji kitambaa. Kila kilichokuwamo ndani ya makabati yangu kilikuwa kimewahi kufukizwa, kama si mwaka huu, basi uliopita. Wifi akaacha mbuzi yake ya nazi, akapanda juu, akarudi na kipande cha bafta nyeupe. Nilikijua. Ni kile kilichobaki ilipokatwa sanda.

"Hii haijapita chetezoni," akasema. "Tuliyoikata ilifukizwa, hii ilibaki ndani ya karatasi yake ya dukani." Akaniangalia. "Kama huoni vibaya."

Nilikishika. Kilikuwa ni bafta tu, ngumu, ya duka.

"Sioni vibaya," nikasema. "Lakini ichemshwe kwanza. Bafta mpya ina wanga."

Ikachemshwa, ikasuuzwa, ikachemshwa tena, ikaanikwa ndani, mbali na upepo wa kichochoroni. Tukaviosha vioo upya. Akavifuta, nikavidondoshea maji mimi mwenyewe, kimoja kimoja, na kila kimoja kikayapokea maji bila ya kuyakunja. Tukavikausha, akavichovya kwenye dawa ya mbegu, akavitoa taratibu bila ya kutetemeka. Baada ya hapo vilitakiwa viokwe kwa moto mkali kidogo. Maabara wana tanuri lake. Sisi tulikuwa na chuma cha chapati.

"Hicho hapana," wifi akasema.

"Hakina badali."

"Mtakitia sumu."

"Hakitarudi kwenye chapati, nakuahidi."

"Basi kimekufa." Akakitoa ndoanoni na kukiweka juu ya jiko la gesi mwenyewe, kwa nguvu, na kusema maneno ya kwao Makunduchi ambayo mimi, mtu wa mjini, niliamua kutoyaelewa.

Vioo vilipopoa tukavilaza kifudifudi ndani ya chupa, tukafunga, tukazitia chupa ndani ya sufuria kubwa la maji ya moto. Kazi iliyobaki ilikuwa ni kulizuia lile sufuria lisichemke. Ukizidisha, chumvi inaanguka chini yote kama unga na kwenye kioo hapafiki kitu. Ukipunguza, nyuzi zinadumaa. Msichana akakaa na kipimajoto, mkono kwenye kitasa cha jiko, anapandisha kidogo, anashusha kidogo. Ikaadhiniwa adhuhuri. Tukaswali kwa zamu ili jiko lisibaki peke yake. Aliporudi yeye kutoka kwenye mswala, mimi nilikuwa nimeshika kipimajoto na wifi ananitazama.

"Huyo ndiye unayemjua wewe," wifi akamwambia msichana. "Mimi tangu nije hapa nilikuwa naishi na mtu mwingine."

Sikuwa nimebadilika, nilikuwa nasoma kipimajoto tu. Lakini ni kweli kwamba kwa ule muda wote nilijua nafanya nini, na nilijua ni mchana.

Baada ya alasiri tukazima. Hatukuzitoa chupa mara moja, kioo cha moto kikikutana na hewa hupasuka. Zilipopoa akafungua ya kwanza, akakitoa kioo kwa kibanio, akakisuuza, akakisimamisha kwenye ukingo wa sahani kikauke. Wakati kimelowa huwezi kujua. Tukakaa watatu tunakitazama kinakauka, kuanzia juu kwenda chini, na kila maji yaliposhuka, juu yake pakabaki ukungu. Mweupe, sawasawa, ukingo kwa ukingo. Hapakuwa na kipara.

Akafungua ya pili. Hivyo hivyo. Akafungua zote.

Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye kona ya jikoni, akaelekea kibla, akasujudu sijda ya shukrani juu ya sakafu tupu, pamoja na maganda ya vitunguu. Wifi akasema, "Mashallah, mashallah," akajifuta macho kwa kanga. Mimi nikasema alhamdulillahi. Ulimi ulisema, na niliukusudia kwa dhati, ila moyo haukuitika. Nimewafundisha wanawake darsani kwamba shukrani ni ya ulimi, ya viungo na ya moyo. Siku ile nilitoa nilizokuwa nazo.

Alivichukua vioo akavipeleka maabara, akamimina ile plastiki ya rangi ya damu ya mzee katikati ya nyuzi, akatia tabaka la madini juu yake. Hayo hakuhitaji nimwangalie. Mwisho wa wiki iliyofuata akavuka kwenda bara, vioo vyake vimelala ndani ya kisanduku. Mama yake alimsindikiza mpaka bandarini. Nilikuja kuambiwa kwamba aliyafukiza mabegi yote na kisanduku akakiacha.

Zikapita siku. Eda yangu ilikuwa inaelekea ukingoni. Watu walikuwa wameanza kuulizana habari ya siku ya kutoka, nani atapika nini, na mimi nawajibu kana kwamba wanamzungumzia mtu wa nyumba ya pili. Nilikuwa nimeukubali uzito ule. Nilikuwa nasema katika dua zangu, ewe Mola, kama hivi ndivyo nitakavyokuwa, nipe subira nayo. Nilikuwa siombi kuondolewa.

Simu ililia asubuhi, nakunja mswala wa dhuha. Wifi akaipokea, akaibonyeza ili wote tusikie, na sauti ya msichana ikajaa chumbani.

"Mwalimu! Zimesimama! Nimeziona, Mwalimu, zimesimama wima kioo kizima, zimebanana, zina pembe sita kama ulivyosema! Na kile kioo cha majaribio nimekipima kwenye ile taa inayoiga jua, kimetoa umeme. Mdogo, lakini umetoka! Wamesema nina kazi ya kuandika. Msimamizi wa huku amewapigia chuo sasa hivi mbele yangu. Sibadilishiwi kitu!"

Wifi akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Darajani.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Urefu wake?"

"Naam, Mwalimu?"

"Nyuzi. Zina urefu gani?"

Nikasikia karatasi zikipekuliwa.

"Sikuuliza," akasema.

"Hukuuliza?"

"Nilifurahi, Mwalimu. Nikasahau."

"Umesahau? Umevuka bahari, umewekewa hadubini ambayo watu wanaingoja mwaka mzima, umetazama, umefurahi, ukatoka? Utaandika nini? Zilikuwa ndefu kiasi cha furaha yangu? Bila ya urefu utajuaje plastiki imefika mpaka chini au imekaa juu juu? Na unene? Unene pia hukuuliza?"

"Unene... sikuuliza, Mwalimu."

"Uko wapi sasa?"

"Nje. Kwenye ngazi."

"Hao watu wameshafunga?"

"Bado. Wanakunywa chai."

"Rudi ndani. Rudi sasa hivi, uwaombe kwa adabu, wakuwekee tena kimoja, ukivunje kiasi ukitazame ubavuni, upime urefu na unene, upime sehemu mbalimbali, si sehemu moja. Kisha unipigie. Hallo? Mbona huendi?"

"Nnakwenda, Mwalimu, nnakwenda!"

Ikakatika. Nilikuwa nimesimama, mswala mkononi, masikio yamenipata moto na kifua kinapanda na kushuka. Wifi alikuwa ananitazama, mdomo wazi.

"Wifi," akasema, "umekasirika."

Nikajitazama ndani, kwa uangalifu, kama mtu anayeguswa mahali palipokufa ganzi akiulizwa anasikia au hasikii. Nilikuwa nimekasirika kweli. Nilikuwa nimemkasirikia yule mtoto, na chini ya hasira, chini kidogo tu, nilikuwa namwonea fahari mpaka naumia. Na chini ya hayo palikuwa na kitu kingine, nacho nilikijua ni nini, nikaketi kwanza kabla hakijafika.

Wifi akaja akaketi kando yangu. Nililia mpaka simu ikalia tena, na ilipolia ikabidi ajibu yeye, aandike yeye ule urefu na unene, na anaandika vibaya, nami nikawa namsahihisha huku nalia.

Ewe uliyeyasoma haya, Mwenyezi Mungu akupe nuru katika macho yako na katika kazi ya mikono yako. Akiutia ganzi moyo wako, akuwekee karibu mtu mwenye haja nawe, na asikunyime nguvu ya kumtimizia. Awarehemu waliokutangulia, awalinde walio nyuma yako, na zile dua ulizoombewa na watu usiowajua azifikishe zote. Amin.